Sura ya Tano: Ayubu Hakusemewa

Dutumi kuna sentensi ambayo hufika msibani kabla ya turubai. Vijana bado wanazunguka kuazima majembe, aliyetumwa Mlandizi kununua sanda hajarudi, lakini sentensi imeshaketi jamvini: kazi ya Mungu haina makosa. Anaisema mwenyekiti wa kitongoji, anaisema shehe, anaisema mwinjilisti, na shemeji anayeshuka kwenye bodaboda na vumbi lake usoni anairudia kabla hajavua viatu. Mfiwa anaitikia kwa kichwa. Angesema nini?

Sina ugomvi na maneno yenyewe. Naamini kwamba Mungu anatawala, na kwamba hakuna kaburi lililochimbwa akiwa amelala. Ugomvi wangu ni juu ya nani anayasema maneno hayo, anayasema lini, na mara nyingine anaficha nini nyuma yake.

Dutumi ni kata ya Kibaha vijijini, njia ya Mlandizi kwenda Mzenga, kule reli ya TAZARA inakokatiza nchi ya Kisarawe. Ni nchi ya Wazaramo, mihogo na mikorosho, na siku hizi wafugaji na wageni wa kila kabila wamechanganyika humo. Waislamu ndio wengi. Mkristo wa huku akifa, sehemu kubwa ya wanaochimba kaburi lake na kubeba jeneza lake ni jirani zake Waislamu, na wao wakifiwa naye huenda na jembe lake. Kwa hiyo jambo la mamlaka ya Mungu halibishaniwi jamvini. Wote wamekubaliana kwamba uhai una mwenyewe, na mwenyewe akiudai haombi ruhusa.

Ubishi uko nyuma ya nyumba, kwenye mafiga, ambako sentensi ya pili inazungumzwa kwa sauti ya chini huku mtu akichochea kuni: huu ni mkono wa mtu. Kijana mzima, juzi alikuwa shambani, leo anakwendaje hivi hivi? Mjomba mmoja anaaga kwamba anafika mahali mara moja. Kila mtu anajua anakwenda kupiga ramli. Na ramli haijawahi kurudi mikono mitupu. Hurudi na jina, na jina hilo mara nyingi ni la bibi mmoja mjane, asiye na mtoto wa kumtetea, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka hamsini. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya majina ya namna hiyo, na sisi wa Pwani tusijione tuko mbali sana nao.

Hapo ndipo napenda kuanzia, kwa sababu wasomi wengi wanaoibeza imani ya mapenzi ya Mungu hawajawahi kuona kazi inayoifanya kijijini. Mzee wa kanisa anaposimama mbele ya ukoo wenye hasira na kutamka kwamba uhai na mauti viko mkononi mwa Mungu, hatoi nadharia. Anamwokoa yule bibi. Anawaambia wajomba warudi waketi. Imani hii ingekuwa haina faida nyingine yoyote, hiyo peke yake ingetosha kuihifadhi.

Lakini ina sura nyingine. Tumsome Ayubu taratibu kidogo, maana tumezoea kumsoma sura ya kwanza na ya mwisho tu, kama mtu anayekula mkate pande mbili za nje na kuacha katikati.

Katika sura ya kwanza Ayubu anapata habari nne mfululizo. Waseba wamechukua ng'ombe na punda na kuua vijana wake. Moto umeteketeza kondoo. Wakaldayo wamechukua ngamia na kuua wengine. Upepo umeiangusha nyumba juu ya watoto wake, saba wa kiume na watatu wa kike. Ndipo anapoanguka kifudifudi na kusema lile neno ambalo tumelichapa kwenye misalaba na kadi za shukrani, kwamba aliyetoa ndiye aliyetwaa. Ni neno kuu. Lakini angalia limetoka kinywani mwa nani. Amelisema yeye, mwenye makaburi kumi. Hakusemewa na mgeni aliyekuja kula ubwabwa na kuondoka.

Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walianza vizuri kuliko wengi wetu. Walikaa naye chini siku saba bila kutamka neno. Matanga kamili. Walipoharibu ni pale walipofungua vinywa, na ukiyasoma waliyosema utashangaa: mengi ni mahubiri mazuri. Mungu ni mwenye haki, Mungu hakosei, mtu atubu naye atainuliwa. Ungeyasikia Jumapili ungesema amina. Ayubu kwa upande wake alilaani siku aliyozaliwa, akadai Mungu aje wakabiliane kama watu walio barazani mbele ya wazee. Kisha katika sura ya 42, aya ya saba, Mungu anawakasirikia wale watatu na kusema kwamba hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena mtumishi wake Ayubu. Waliomtetea Mungu ndio walioambiwa wakatoe sadaka ya kuteketezwa, na aliyelalamika ndiye aliyeambiwa awaombee.

Aya hiyo ingebandikwa kwenye mlango wa kila kanisa, upande wa ndani, ili mchungaji aisome anapotoka kwenda msibani.

Na si Ayubu peke yake. Zaburi ya 88 inalia mwanzo hadi mwisho na inaishia gizani, bila ule mgeuko wa sifa tuliouzoea katika zaburi nyingine. Waliokusanya Zaburi waliiona ilivyo, wakaiacha hivyo hivyo. Yesu alilia kaburini kwa Lazaro ilhali alikuwa anajua kitakachofuata muda mfupi baadaye. Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke, na sala hiyo ya kukubali mapenzi ya Baba ilimchukua zamu tatu, kwa jinsi Mathayo anavyosimulia. Mwana wa Mungu alihitaji zamu tatu. Sisi tunamtaka mama wa Dutumi akubali kabla maiti haijatolewa ndani.

Wazaramo, tena kabla ya misheni, walikuwa wamelifikiria jambo hili. Msibani wapo watani. Wanyamwezi, kwa mfano, ni watani wao tangu enzi za misafara. Mtani haji kulia. Anaigiza mwendo wa marehemu, anavaa koti lake, anatangaza madeni yake, anazuia jeneza njiani mpaka alipwe. Ana ruhusa ya kusema kitu ambacho mfiwa amekimeza. Mgeni akiona anadhani ni utovu wa adabu, lakini kazi ya mtani ni kuhakikisha kwamba mahali pa msiba panabaki mdomo mmoja ulio wazi. Kanisa letu huku lilipokuja na daftari la utaratibu, wimbo, somo, neno, rambirambi, lilimsukuma mtani pembeni, nalo halikuweka maombolezo ya Biblia mahali pake. Ikabaki ile sentensi tu.

Kanisa lenyewe la ukanda huu lilianza na makaburi. Wabenediktini wa St. Ottilien kutoka Ujerumani walifika Pugu, kwenye vilima vinavyopakana na Kisarawe, mwaka 1888. Tarehe 13 Januari 1889 misheni yao ilivamiwa. Sista Martha Wansing na mabruda Petrus Michl na Benedikt Kantwerk waliuawa, na wenzao wengine wakachukuliwa mateka. Walutheri wa misheni ya Berlin walifungua kituo Kisarawe mwaka 1892 na Maneromango mwaka 1895, na kazi ikaendelea, hivyo ni rahisi mno kwa mhubiri kusema kwamba damu ile ilikuwa mbegu na Mungu alikuwa na mpango wake.

Huenda ni kweli. Lakini mwaka 1889 ulikuwa na sababu zake pia. Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilijitwalia utawala wa miji ya pwani na kupandisha bendera yake kwa kiburi ambacho watu wa Pangani hawakukivumilia. Abushiri bin Salim na wenzake wakainuka. Wamisionari waliouawa Pugu walilipa deni ambalo wao hawakulikopa, na waliowaua walimwona kila Mjerumani kuwa mtu wa Kampuni. Mhubiri anayesimulia mpango wa Mungu akairuka Kampuni anampunguzia Mungu heshima, maana anamfanya mtu wa kufunika mashimo ya wakubwa.

Kufunika makosa ya wakubwa ndicho kitu cha pili kinachojificha nyuma ya sentensi yetu, na ni kizito kuliko cha kwanza, yaani kumziba mfiwa mdomo. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu kufika Mwanza ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake. Walikufa zaidi ya 800. Meli ilipokuwa imeelea kichwa chini, waliokuwa ndani walisikika wakigonga. Likatobolewa tundu ili watolewe, hewa iliyokuwa imeishikilia ikatoka, meli ikazama. Wengi walizikwa Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka hatua chache kutoka kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya 220. Mara zote mbili taifa lilifiwa kweli, na mara zote mbili ile sentensi ilisemwa kwenye vipaza sauti na watu wenye vyeo.

Kazi ya Mungu haina makosa. Kazi ya aliyekata tiketi bila kuhesabu ina makosa. Mjamzito akifia njiani wakati wa masika, amebebwa kwenye bodaboda kati ya watu wawili kwa sababu gari halipiti kwenye matope, nani anafaidika tukisema ni mipango ya Mungu? Mungu hahitaji udhuru huo. Anayeuhitaji ni mtu aliyekula fedha ya barabara.

Basi tumeukataa mkono wa mtu kwenye ramli, tukaukataa hata pale ulipo wazi kama mchana. Biblia haikufanya hivyo. Petro siku ya Pentekoste, katika Matendo 2:23, anasema Yesu alitolewa kwa shauri la Mungu lililokusudiwa tangu awali, na katika pumzi hiyo hiyo anawaambia wasikilizaji wake kwamba ninyi ndio mliomuua, kwa mikono ya watu waovu. Mikono yote imetajwa pamoja, na mmoja haukuufuta mwingine. Yusufu naye aliwaambia ndugu zake kwamba Mungu alikusudia mema, lakini hakuwaficha kwamba wao walikusudia mabaya.

Afrika Mashariki tuna watu walioishi hivyo, na mimi sijapata mfano mzito kuliko wa Uganda miaka ya 1970.

Festo Kivengere alikuwa mtu wa uamsho wa Afrika Mashariki, na Watanzania wana haki ya kumwita wao kidogo, kwa kuwa alifundisha Dodoma miaka ya 1940 na 1950. Mapema mwaka 1973, akiwa askofu wa Kigezi, watu watatu walipigwa risasi hadharani katika uwanja wa Kabale kwa amri ya serikali ya Idi Amin. Askofu aliruhusiwa kuzungumza nao kabla ya kufa. Alikwenda akiwa hajui la kuwaambia. Amesimulia kwamba walipogeuka kumtazama aliona nyuso zenye furaha, na kabla hajafungua kinywa wao ndio walioanza kusema: mmoja akamshukuru kwa kuja, mwingine akatuma ujumbe kwa mkewe asihangaike, kwani anakwenda kwa Yesu. Kisha wakawapungia watu mikono ikiwa na pingu. Askofu aliyekuja kufariji akarudi amefarijiwa.

Linganisha na msiba wetu. Askofu hakuwaambia wale watu kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Alinyamaza, nao wakasema ya kwao. Neno la kumtumaini Mungu lilitoka upande wenye pingu.

Miaka minne baadaye zamu ikawa ya Askofu Mkuu Janani Luwum. Februari 1977 nyumba yake ilipekuliwa usiku na askari wakidai wanatafuta silaha. Yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia Amin barua, wakamtajia mauaji na watu wanaopotea, wakamtajia bunduki iliyotakiwa kuwalinda raia na sasa inawaelekea. Tarehe 16 Februari waliitwa Kampala. Wenzake waliporuhusiwa kuondoka, Luwum alibakizwa. Wanakumbuka kwamba aliwatazama akatabasamu, akawaambia anauona mkono wa Mungu katika jambo hili. Siku iliyofuata redio ikatangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Waliouona mwili waliona matundu ya risasi.

Ndugu msomaji, hapa ndipo nimekaa kwa miaka mingi. Mtu huyu aliuona mkono wa Mungu, na ni huyo huyo ambaye siku chache kabla alikuwa ametia sahihi barua inayoutaja mkono wa mtu. Hakwenda kwa mganga kuutafuta. Aliutaja kwa ushahidi, kwa karatasi, kwa mwenye nao, akijua gharama. Wala hakungoja mtu amwambie kwamba ni mipango ya Mungu. Alipofika mahali pa kulisema, alilisema mwenyewe, akitabasamu, ilhali sisi tungekuwa tunatetemeka.

Serikali haikutoa mwili. Kwenye kanisa kuu la Namirembe, Kampala, walikuwa wameshachimba kaburi karibu na la Askofu Hannington, aliyeuawa mwaka 1885, na waumini wakakusanyika Jumapili kulizunguka kaburi tupu, wakaimba. Luwum alizikwa na askari kijijini kwao Mucwini, Kitgum, mbali na umati.

Kivengere alikimbia na mkewe kwa miguu usiku kupitia milimani mpaka Rwanda. Baadaye mwaka huo akaandika kitabu chenye jina lililowaudhi wengi, akisema anampenda Idi Amin. Ameeleza kwamba uchungu ulikuwa unamla, na kwamba alijikuta kanisani London Ijumaa Kuu akijiuliza kama Yule aliyewaombea waliompigilia misumari angemwacha yeye aendelee kumchukia mtu mmoja. Alisamehe. Hakuacha kusema kwamba Amin ni muuaji.

Na mambo hayakuishia pazuri kama tunavyopenda. Msamaha wa Kivengere haukumtoa Amin Kampala. Waliomtoa ni jeshi la Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, tarehe 11 Aprili 1979, na vijana wetu wengi waliokufa katika vita ile wamelala Kaboya, Kagera. Amin mwenyewe alikufa mwaka 2003 hospitalini Jeddah, mzee, bila kupandishwa kizimbani. Anayetaka kuamini kwamba Mungu anatawala aamini na hayo yakiwemo.

Siku hizi kuna mahubiri yanayoturahisishia. Yanasema anayeteseka ameteseka kwa upungufu wa imani, na dawa ipo kwenye chupa ya mafuta au chini ya unyayo wa mtumishi. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikanyagana hadi kufa katika uwanja mmoja wa Moshi, wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoombewa. Sina la kuongeza juu ya mahubiri hayo.

Turudi kwa mama wa Dutumi. Swali lake halitoki siku ya mazishi. Siku ya mazishi ana watu. Akiambiwa poleni anajibu tumeshapoa, kwa mazoea. Swali hutoka turubai likishakunjwa, masufuria ya kuazima yamerudishwa, na yeye anaosha kikombe kimoja badala ya viwili. Huyo Mungu asiyekosea, usiku ule alikuwa wapi? Akiuliza, wengi wetu tunashtuka tunamwambia asikufuru. Hajakufuru. Ameuliza swali la Zaburi ya 22, ambalo Yesu alilitamka msalabani mbele ya mama yake.

Mwanamke anayemuuliza Mungu bado anamhesabu Mungu kuwa ndiye mwenye jibu. Angekuwa amemwacha, angemuuliza mganga. Mimi namhofia zaidi yule aliyekubali upesi, akaimba vizuri, akaonekana shujaa, kisha mwaka mzima akawa hali wala halali na hakuna aliyejua, kwa kuwa tulikuwa tumeshamfungia mjadala siku ya kwanza.

Kwa hiyo nakuomba mambo machache, wewe utakayeitwa msibani wiki hii, maana utaitwa. Ukisikia jina la bibi wa jirani linatajwa jikoni, hapo usinyamaze. Sema kwa sauti kwamba uhai ni wa Mungu na ramli ni uongo. Ukijua kifo kilikuwa na uzembe ndani yake, wasaidie wafiwa waandike barua, wapeleke kunakohusika, na uwe tayari kuitwa shahidi. Mfiwa akilia, usimwambie ajikaze. Akisema mwenyewe kwamba Bwana ndiye aliyetwaa, itikia amina. Asiposema, usimsemee. Na ukipewa nafasi ya neno kaburini, soma Zaburi ya 88 yote, usiongeze kitu, ukae chini.